Kikuba Sakafuni

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Ndinda aliivutia kwa jirani, tena mbele ya umma, na kwa siku kadhaa watu walimsifu kwa hilo mpaka akatamani kujifungia ndani.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, katika bohari la zamani kule Mbaraki ambalo chama cha wateleza kwa viatu vya magurudumu hulitumia baada ya mizigo kuhamishwa. Dansi yenyewe ni ile wanayocheza wenzetu wa nchi za baridi juu ya barafu: mvulana na msichana, muziki mmoja, hakuna kurushana juu wala kuruka sarakasi, ila miguu kuelewana na mikono kutoachana. Mombasa barafu ni ya samaki na sharubati. Vijana hucheza juu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa, na jasho huwatoka kabla nyimbo hazijaanza. Lakini mwaka huu jozi itakayoshinda ingepelekwa Nairobi, kwenye ukumbi wenye barafu ya kweli, ikafundishwe na kusomeshwa huko huko. Nafasi ilikuwa ya jozi moja tu.

Waamuzi walikuwa watano, na Ndinda, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa mmoja wao. Bintiye Awino alikuwa mmoja wa washindani. Ndinda alikuwa amemwendea mwenyekiti, Mzee Gunga, akamwomba amtoe kwenye jopo. Gunga alimjibu kwamba akimtoa kila mwamuzi mwenye mtoto, mpwa au mpangaji uwanjani, atabaki na viti vitupu. Basi Ndinda akakaa. Alikaa akijua kwamba kila atakaponyanyua kibao cha alama, watu watamtazama yeye kwanza, kisha kibao.

Awino alicheza na Menza, kijana mrefu ambaye mamake, Sidi, hukaanga viazi karai Makadara. Walicheza vizuri kupita siku zote. Ndinda aliwaona wanavyoingia kwenye mzunguko na kutoka kama mtu mmoja mwenye miguu minne, akanyanyua tisa. Waamuzi wawili wengine walinyanyua tisa vilevile, na hakuna aliyewaangalia. Ila kutoka nyuma ya ukumbi mwanamume mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Titi la mama li tamu," na safu nzima ikacheka. Kicheko kile kilimwingia Ndinda shingoni kama maji ya baridi. Hakugeuka.

Wa mwisho walikuwa Fadhiya na Jamaldin, ndugu wa tumbo moja kutoka Mji wa Kale. Mama yao, Mwanaesha, shoga wa Ndinda wa siku nyingi, ni fundi wa kushona vikuba, vile vifungu vya asmini, rehani na mkadi ambavyo wanawake hujibandika kifuani waendapo harusini. Alikuwa ameketi mbele na kundi la mashoga zake, na watoto wake walipoingia, wanawake wale walianza kuwarushia asmini mbichi kana kwamba bwana harusi amefika. Sheria ya mchezo iko wazi. Kinachorushwa na watazamaji si kosa la mchezaji. Kinachodondoka kutoka mwilini mwa mchezaji, kiwe kifungo au utepe, jozi inakatwa alama moja nzima. Kila mwamuzi hupewa upande wake wa sakafu kuulinda, na upande wake hakuna mwingine wa kuusemea.

Ndipo kwenye mzunguko wa tatu, upande wa Ndinda, Fadhiya alipoinama chini ya mkono wa kakake. Ndinda aliiona pini ikifunguka. Alikiona kikuba kikiteleza kutoka kifuani, kikagonga goti la msichana, kikatua sakafuni katikati ya asmini zilizorushwa. Muziki ulipokwisha, aliingia na kukiokota, kama inavyompasa mwamuzi wa upande.

Mzee Gunga alishika kipaza sauti. "Mwalimu, hicho kimetupwa au kimeanguka?"

Ndinda alihisi safu ile ya nyuma imevuta pumzi, inangoja. Neno la kweli lilikuwa tayari mdomoni. Aliliona pia litakavyopokewa: mama amewavua watoto wa watu ushindi, ampe mwanawe.

"Kimetupwa," akasema, akakitia kikuba mkobani.

Fadhiya na Jamaldin waliwashinda Awino na Menza kwa nusu alama.

*

Wanaishi Bondeni, ghorofa ya pili, Ndinda, mumewe Nicodemus na Awino. Nicodemus ni karani wa shehena bandarini, mtu wa kutoka kando ya ziwa, asiyependa makelele nyumbani kwa sababu, asemavyo yeye, makelele ya kazini yanatosha ukoo mzima. Siku ile alimpa bintiye mkono kama wanavyopeana wanaume, akamwambia kwamba ameshindwa kwa heshima, na heshima haioshwi ikatoka.

Awino hakulia. Alivua viatu, akayafuta magurudumu moja moja, akasema kwamba Fadhiya anastahili, kwamba mzunguko wao wa mwisho ulikuwa mzuri. Kisha akamwambia mamake, bila kumtazama sana, kwamba alikuwa akiogopa watu watamsema. "Lakini leo umewafunga midomo, Mama."

Ndinda aliuweka mkoba nyuma ya mlango. Kufika asubuhi nyumba nzima ilikuwa ikinukia asmini. Nicodemus aliuliza kuna harusi gani. Ndinda alisema ni manukato aliyopakwa na mwanafunzi, na huo ukawa uongo wa pili, mdogo, uliomtoka kwa wepesi uliomtisha.

Sifa zilianza kanisani. Mama mmoja wa kwaya alimshika mkono, akamwambia hajapata kuona mzazi mwenye roho ya haki kiasi kile. Shuleni mwalimu mkuu alimtaja mbele ya wanafunzi kuwa mfano. Kila sifa ilimkuta amesimama wima na kumwacha amepinda kidogo. Alijaribu kujiambia kwamba hakumdhulumu mtu ila mwanawe, na mzazi ana ruhusa ya kumnyima mwanawe. Hesabu hiyo ilimkalia vizuri mpaka Jumatatu alipopita Makadara.

Sidi alikuwa mbele ya karai lake, uso umemng'aa mafuta. Alipomwona Ndinda alichota viazi, akafunga, akachota vingine juu yake. Ndinda alipotaka kulipa, Sidi aliusukuma mkono wake.

"Wacha, Mwalimu. Leo kula tu."

Ndinda aliuliza Menza yuko wapi. Sidi alisema amevirudisha viatu vya chama, kwa kuwa havikuwa vyake, na asubuhi ameenda Mbaraki kutafuta kazi ya kubeba magunia. Alisema Nairobi ndiyo ilikuwa shule yake. Hapa karo imeshamshinda yeye mama. Aliyasema hayo bila uchungu, akigeuza viazi.

"Nilimwambia, mwanangu, tumeshindwa na haki. Mwalimu mwenyewe amemnyima mtoto wake, basi sisi tuna nini cha kusema? Ningekuwa nimeshindwa na wizi ningekufa na kinyongo."

Ndinda aliondoka na viazi vyake. Alivila njiani vyote, vikiwa moto, kwa sababu hakujua jinsi ya kuvifikisha nyumbani.

*

Mwanaesha alikuja Jumanne, baada ya sala ya alasiri. Alibeba sahani iliyofunikwa kawa, na chini ya kawa mkate wa sinia ungali na joto. Alibisha hodi mara tatu kama ilivyo desturi, akakaribishwa, akavua viatu. Walisalimiana kwa urefu, wakaulizana habari za watoto, za kazi, za mgongo wa Mwanaesha ambao haumpi nafasi. Kisha Mwanaesha akaisogeza sahani karibu na Ndinda, akateremsha sauti.

"Shoga yangu, siyui nikushukuru vipi. Umenisitiri."

Ndinda alisema hakufanya lolote, watoto wameshinda wenyewe.

"Usinifiche mimi. Kikuba kile nimekishona kwa mikono yangu, na pini nimeifunga mwenyewe. Nani arushe kikuba chenye pini? Waliambiwa wasivae kitu cha kubandika, nami nikaona vipi nimtoe mwanangu mbele za watu pasi na harufu, kama yatima. Kilipoanguka nikasema basi, nimemuua mwanangu kwa asmini." Alimshika Ndinda goti. "Nawe ukasema kimetupwa. Na mwanao yumo. Wallahi, hata nduguyo wa damu hakufanyii hilo."

Kwenye ujia wa kuelekea jikoni palisikika beseni likiwekwa chini. Awino alitokea mlangoni, mikono imeloa povu.

"Kilianguka?"

Mwanaesha alimtazama binti, akamtazama mama, na uso wake ukabadilika taratibu. Alikuwa amekuja kushukuru wema ambao alidhani nyumba nzima imeukubali. Alisema astaghfirullahi, alidhani wamezungumza. Aliondoka haraka, na kiatu kimoja akakivalia ngazini.

Sahani ilibaki mezani. Hakuna aliyeigusa.

"Mama, nimekuuliza."

"Kilianguka."

"Ulikiona?"

"Nilikiona."

Awino alijifuta mikono kwa kanga yake, kidole kwa kidole. Ndinda alimweleza kuhusu safu ya nyuma, kuhusu kicheko, kuhusu maneno ambayo wangeyasema. Alisema hakutaka binti yake aende Nairobi akifuatwa na matusi.

"Wangenisema mimi?" Awino aliuliza. "Aliyekuwa akisemwa ni wewe."

Ndinda aliutazama mkoba nyuma ya mlango.

"Mimi sawa. Mimi ni wako, ukitaka kuninyima ninyime. Menza ulimzaa lini, hata umtoe sadaka?"

Alirudi jikoni akaendelea kufua. Ndinda alisikia nguo zikikamuliwa, zinakamuliwa tena, hata zilizokwisha kukamuliwa.

Nicodemus alipofika na kuelezwa yote, na kwamba Ndinda anakwenda kwa Mzee Gunga, aliketi na viatu vyake vya bandarini bila kuvifungua. Alikula kipande cha mkate wa sinia kwa kuwa hakuna aliyemwambia umetoka wapi, na alipoambiwa alirudisha nusu yake. Kisha akasema kile ambacho kilikuwa kweli na hakikumsaidia mtu. Shehena ikishapakiwa melini, alisema, karani hapandi juu kusema ilihesabiwa vibaya.

"Ukienda kwa Gunga sasa, Mama Awino, hawatasema umesema kweli. Watasema sisi watatu tumekaa mezani tukapanga."

"Najua."

"Na wale watoto wa Mji wa Kale wameshaagwa."

"Najua, Baba Awino."

"Basi unaenda kutafuta nini?"

Ndinda alisema hajui anatafuta nini. Anachojua ni kwamba Menza yuko Mbaraki na gunia mgongoni.

*

Mzee Gunga ana duka la vipuri vya tuktuk Makadara. Alimpokea Ndinda katikati ya matairi, akamfutia kiti kwa kitambaa chenye grisi, kikachafuka zaidi. Alipokwisha kusikiliza alifunga mlango nusu, ingawa mteja alikuwa akija.

Hakukasirika kwanza. Alitafuta njia, kama mtu anayetafuta skrubu iliyodondoka. Alisema waamuzi ni binadamu, na upande ule wa bohari jua huingia vibaya alasiri. Alisema chama kinaweza kuyarekebisha matokeo bila fedheha ikiwa Ndinda atasema kwamba macho yalimdanganya, na kwamba alipokiangalia kikuba nyumbani ndipo alipoiona pini. Watu wangeelewa. Jopo lingebaki safi. Naye angebaki kwenye jopo.

"Macho yangu ni mazima, Mzee."

"Nakupa mlango, Mwalimu."

"Nilikiona kikianguka, nikasema kimetupwa. Ndiyo hiyo."

Gunga alisugua doa la grisi kiganjani. Ndinda alikitoa kikuba mkobani, akakiweka juu ya kaunta. Asmini zilikuwa zimekauka na kugeuka rangi ya chai, lakini pini ilikuwa inang'aa bado, mdomo wazi.

"Unanitia aibu mara mbili," mzee alisema hatimaye. "Jumamosi kwa uongo, na leo kwa kweli. Ungechagua moja." Akamwambia akichukue kikuba chake, kwamba jina lake limetoka kwenye jopo na halitarudi maadamu yeye Gunga yu hai, na kwamba matokeo yatabadilishwa.

Yalibadilishwa siku ile ile. Kabla ya magharibi habari ilikuwa imefika Bondeni, imevuka Makadara, imeingia Mji wa Kale kwa kila mlango.

Na ikawa kama Nicodemus alivyosema. Hakuna aliyesema mwalimu ameungama. Walisema mwalimu ametulia, akatafuta upenyo, akaupata. Walisema Jumamosi alijipaka sifa, na sasa amezila sifa pamoja na ushindi. Yule mwanamume wa safu ya nyuma, ambaye Ndinda hakuwahi kumjua jina, bila shaka alikuwa mahali fulani akiwaambia watu kwamba yeye alishasema. Mama wa kwaya alipokutana na Ndinda dukani alikuwa na haraka. Mwalimu mkuu hakumtaja tena kuwa mfano, wala hakumtaja kwa lolote.

Sidi alimpimia viazi sawasawa, hakuzidisha hata kimoja, akapokea pesa yake. Alimuuliza jambo moja tu, kwa upole. "Siku ile nilipokusifu hapa, ulikuwa wajua?"

"Nilikuwa najua."

"Haya," Sidi alisema, akamgeukia mteja mwingine.

Menza alikuja nyumbani kuchukua ratiba ya safari, mabega yamechubuka. Alisimama mlangoni, akakataa kuketi. Alimwambia Ndinda asante, Mwalimu, akiwa ameinamisha kichwa. Alimshukuru kwa kumrudishia kilichokuwa chake, na Ndinda akaona kwamba tusi lingekuwa jepesi kubeba. Awino alikuwa akifunga begi chumbani. Alikuwa amesema ataenda, kwa sababu Menza hawezi kwenda peke yake, na zaidi ya hapo hakusema.

*

Sahani ya mtu hairudishwi tupu. Ndinda aliiosha, akapika mahamri mara mbili kwa kuwa ya kwanza yalikataa kuumuka, akayapanga, akayafunika kwa kawa ile ile, akashuka hadi Mji wa Kale. Vichochoro vilikuwa na watu barazani, na kila baraza alilolipita lilinyamaza kabla hajafika, likaanza tena nyuma yake. Aliwaamkia wote. Waliitikia wote, maana salamu haikataliwi.

Mwanaesha alimkaribisha. Hakumzuia mlangoni kama Ndinda alivyotumaini. Alimwekea kahawa na kipande cha halua, kwa mkono uleule aliomshika nao goti. Jamaldin alikuwa ametoka. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umefungwa, na mbele yake palisimama sanduku la safari, jipya, limefungwa kamba tayari, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifungua. Nyuma ya mlango kulikuwa na ukimya wa mtu anayesikiliza.

Ndinda aliitua sahani. Kisha akatoa kikuba mkobani, akakiweka kando yake.

Mwanaesha alikiokota, akaifunga pini. "Mimi sikuja kukuomba useme uongo," alisema.

"Hukuja."

"Ulisema mwenyewe. Kwa haya zako mwenyewe."

"Ndiyo."

"Ungesema kweli Jumamosi, mwanangu angelia usiku mmoja, mimi ningelia zaidi maana kosa ni langu, na yangekwisha. Ulimwacha akapigiwa vigelegele. Uliwaacha ami zake wakamwombea dua, mtaa ukamuaga. Ndipo ukaja ukamvua mbele ya wale wale. Sasa wamwita mwizi, Ndinda. Mtoto hakuiba kitu. Hata hakujua kimeanguka."

Yote yalikuwa kweli, na Ndinda aliyapokea moja moja bila kuinua mkono. Alikuwa ameyasikia tayari njiani, kwa sauti yake mwenyewe, na yalikuwa makali zaidi.

Mwanaesha alipangusa macho kwa pembe ya leso. Hasira haikumkaa vizuri. Alikuwa mwanamke aliyezoea kushona vitu vya furaha ya watu wengine, na alichokitaka sasa ni hili nalo lishonwe, lifungwe, likae.

"Mimi na wewe tumelisha watoto sahani moja. Niombe radhi, shoga. Neno moja tu. Niombe radhi, yaishe."

Ndinda alikitazama kikombe. Mvuke ulikuwa bado unapanda. Akautazama mlango wa ndani.

"Siombi," akasema.

Mwanaesha alidhani hakusikia. "Huniombi radhi?"

"Nikikuomba utanisamehe. Nakujua. Utanisamehe kabla kahawa hii haijapoa, nirudi Bondeni nikalale, na Fadhiya atabaki humo ndani vilevile." Alisimama, akajifunga mtandio. "Sikuombi radhi, Mwanaesha. Leo siombi, na kesho siombi."